Kijani cha Gauni la Riziki

Nyinyi mnaopaka rangi mahoteli ya Diani siku hizi mnaingia dukani, mnamtajia muuzaji namba, mashine inatikisa kopo, mnatoka na rangi ileile aliyoichukua mwenzenu mwezi uliopita. Siwaonei wivu. Nataka tu mjue kwamba zamani rangi haikuwa na namba. Ilikuwa na mtu aliyeikoroga, na mtu huyo akiamka vibaya, ilionekana ukutani.

Mimi nilianza kazi hii miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado yupo, na Diani ikiwa ni vichaka na nyumba chache za Wazungu zilizotazama bahari. Kwetu ni Munje. Nilikuwa nikilala kazini juma zima katika banda la vibarua, na Alhamisi jioni nikidandia lori linalopita Msambweni ili Ijumaa niwe nyumbani. Aliyenifundisha ni Fundi Mbwana, mtu wa Kwale, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza kama msasa, ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Akiridhika alikuwa akinyamaza. Asiporidhika alisema, na maneno yake yalikaa mwilini kama upupu.

Siku moja aliniachia jiko la nyumba moja nilipake buluu. Nikanunua unga wa buluu wa bei rahisi, nikauchanganya na chokaa, nikapaka. Jioni ile jiko lilipendeza mpaka mpishi akatoka nje kuniamkia kwa heshima. Asubuhi ukuta mzima ulikuwa umegeuka rangi ya kutu. Chokaa ni kali, kuna rangi inazozila. Fundi Mbwana aliuzunguka ukuta, akainama, akanusa kopo langu, kisha akasema, "Omari, Mzungu ameomba bahari. Wewe umempa bati la zamani."

Tangu siku hiyo nilijifunza kupaka kipande kidogo kwanza, nikiache kikauke usiku kucha, nikitazame asubuhi kwa macho yaliyopumzika. Rangi mbichi hudanganya. Hilo lishikeni, hata kama mna mashine.

Sasa nije kwenye lililonifanya niwaite. Juzi mmoja wenu, yule anayechora samaki na madau ya kuwauzia watalii, alinijia akaniambia, "Babu, mkono wangu umekufa. Nakaa mbele ya turubai mpaka jua linatua, sioni kitu." Nikamtazama usoni, nikaona kwamba si mkono peke yake. Nikamwambia aje na wenzake. Kwa hiyo nitasema, nanyi mtanivumilia, maana jambo lenyewe si la kuchekesha.

Mimi pia nilikuwa nikichora. Sikuwa nimefundishwa na mtu, wala sikuuza. Mabaki ya makopo yalikuwa mengi, na mbao nyembamba za masanduku ya chai hazikuwa na mwenyewe. Baada ya kazi nilikaa nyuma ya banda nikachora niliyoyaona: kisima, paa la makuti, mkorosho, ndoo iliyopinduliwa, kisha Alhamisi nikazibeba mbao hizo nyumbani. Watu sikuwachora. Kwetu wengi waliliona jambo la kuchora chenye roho kuwa zito, na mimi nililiheshimu. Niliwahi kumchora kuku mmoja, na mke wangu Mwanamisi akanisihi nimwache bila macho. Akabaki kipofu ukutani kwetu, na wageni wakawa wanauliza ana ugonjwa gani.

Kuchora ndiko kulikonifanya niwe mtu. Sijui kusema vingine. Mchana nilipaka kuta za wenyewe kwa rangi walizozitaka wenyewe. Jioni nilikuwa wangu.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Riziki. Alikuwa akinipokea barabarani kila Alhamisi, akinusa mikono yangu na kusema, "Baba ananuka nyumba." Alikuwa na umri wa kutembea mbele ya mama yake na kugeuka kila mara kuhakikisha yupo.

Jumanne moja nilikuwa juu ya ngazi nikipaka boriti za veranda. Dereva wa lori alisimama njiani, akashuka, akaja akiwa ameivua kofia yake na kuishika mkononi. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Omari," akasema, "nyumbani kwenu kuna msiba."

"Mama?"

Akatikisa kichwa. "Ni mtoto."

Ilikuwa shurua. Mwaka ule iliwapitia watoto wengi wa pwani yetu. Nilifika Munje alasiri, nikakuta mikeka imetandikwa uani na wanaume wamekaa. Walikuwa wamekwisha kumzika. Hawakukosea, maiti haisubirishwi, na hakuna aliyejua kama ningepata lori siku ile. Kaka yangu Suleimani alinishika mkono akanipeleka makaburini. Lilikuwa tuta dogo mno la mchanga. Niliweza kulipima kwa macho tu, kama fundi anavyopima dirisha. Nikasoma Fatiha. Sikulia.

Mwanamisi alikuwa chumbani na wanawake. Waliponiona walinyanyuka wakatupisha. Alikuwa ameketi chini ameegemea kitanda, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

Hakujibu. Nikadhani ni uchungu wa siku ile. Lakini matanga yalianuliwa, watu wakaondoka, na bado hakujibu. Nilimuuliza tena, akanyanyuka akaenda kuchota maji. Mara ya tatu alisema, "Amekufa, Baba Riziki. Ndivyo ilivyokuwa." Alipolitaja jina hilo, Baba Riziki, akageuza uso ukutani. Tangu mtoto azaliwe hakuwa akiniita kwa jina lingine.

Kaka Suleimani alikuwa mtu mzuri, na nawaomba msimfikirie vibaya. Alitafuta sababu kama watu wote wanavyotafuta. Siku moja alikaa nami barazani akasema taratibu, "Omari, mdogo wangu, haya mapicha yako. Mimi sisemi ndiyo yaliyoleta. Nasema tu tuyaondoe, moyo utulie." Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Nilikuwa sina nguvu ya kuchagua neno. Akazikusanya zile mbao, kuku na kisima na vyote, akazipeleka nyuma ya nyumba akazitia moto. Mbao iliyopakwa rangi ya mafuta huwaka kwa moshi mweusi unaokaba. Niliutazama ule moshi, nikangoja nisikie kitu ndani yangu. Sikusikia kitu chochote, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nikarudi kazini. Nyinyi mna neno siku hizi, mnasema sonona. Sisi hatukuwa na neno. Watu walisema Omari amekuwa mnyonge, au Omari ana mawazo, ingawa mawazo ndiyo niliyokuwa sina. Chakula kilikuwa kama pamba. Asubuhi nilikaa kitandani nikitazama viatu vyangu, na kule kuvivaa kukaniwia kama kupanda mlima wa Kwale na gunia kichwani. Kuta nilipaka vizuri, ajabu kabisa. Mkono unajua ukuta wenyewe, hauhitaji mtu ndani. Lakini jioni nilipochukua kipande cha ubao nikakaa nyuma ya banda, nilichora mstari, na mstari ukawa ni mstari tu. Haukuwa ukingo wa kitu. Nikachora mwingine. Nikavitupa kopo na ubao vichakani, nikaenda kulala jua likiwa bado lipo.

Nilishauriwa mengi. Mmoja aliniambia nitembee ufukweni, nikatembea, bahari ikawa ni maji mengi. Mwingine akaniambia nisiwaze, kana kwamba nilikuwa nikijitakia. Kaka Suleimani aliniletea dua za kusoma, nikazisoma, na naamini zilinishika nisidondoke kabisa, lakini hazikunirudishia mkono. Mwingine tena aliniambia nioe mke wa pili nipate watoto upesi. Huyo aliyesema hivyo nilimpaka chokaa kanzu yake, nikamwambia ni bahati mbaya. Hicho ndicho kitu pekee nilichokifanya kwa furaha miezi ile.

Kisha ikaja siku ya paa. Tulikuwa tunapaka nyumba ya ghorofa, nami nilikuwa juu kabisa kwenye kona, chini kukiwa na sakafu ya mawe. Nilimaliza kipande changu. Nikabaki nimesimama. Nikatazama chini kwa muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji. Sitawaeleza nilichofikiri, kwa sababu hakikuwa fikra. Kilikuwa kama usingizi unaoita.

"Omari." Ilikuwa ni sauti ya Fundi Mbwana, chini ya ngazi. Hakupiga kelele. "Shuka."

"Bado kona, Fundi."

"Kona niachie mimi. Shuka, weka mguu wa kulia kwanza."

Nikashuka. Alinipokea kwa kunishika kiunoni kwa mikono miwili kama anavyopokewa mtoto, akanikalisha chini, akaichukua ngazi akailaza mchangani na kuikalia. Alikaa juu ya ile ngazi mchana kutwa. Mzungu mwenye nyumba alikuja akauliza kwa nini kazi imesimama, Fundi Mbwana akamwambia hewa ina unyevu mwingi, rangi haitashika. Jua lilikuwa linawaka kama tanuri.

Hakunihubiria. Nilingoja anihubirie, hakufanya hivyo. Karibu na magharibi ndipo aliposema, "Mimi nimezika watatu. Sijui la kukwambia. Ningelijua ningekwisha kukwambia." Kisha akasema, "Hutapanda ngazi yangu tena mpaka nikuruhusu. Kesho nenda kwenu, ukae huko. Mkeo yuko peke yake na wewe uko peke yako, hiyo ni hesabu mbaya."

"Na kazi?"

"Kuta haziendi popote."

Akanifungia kapu la makopo yaliyobaki rangi kidogo kidogo chini, kijani, nyeupe, manjano, nyeusi, na brashi mbili. "Kapake mlango wa jikoni," akasema. "Mlango wenu wa jikoni ni aibu, nimewahi kuuona."

Basi nikaenda nyumbani. Vijana, kama yuko mwenzenu anayetazama chini kwa muda mrefu, fanyeni kama alivyofanya mzee yule. Msimwachie ngazi, na msione haya kukaa naye bila la kumwambia. Na kama ni wewe mwenyewe, mwite mtu, hata awe ni yule asiyekusifu.

Nilikaa nyumbani siku nyingi bila kupaka mlango. Mimi na Mwanamisi tulikuwa tunazungukana kama watu wawili waliopanga nyumba moja. Alipika, nilikula kidogo. Nililima kipande, alipanda mihogo. Salamu za asubuhi tulipeana kwa adabu zote, na baada ya hapo nyumba ilinyamaza.

Asubuhi moja alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nami niko mlangoni. Mkono wake ukasimama katikati.

"Lile gauni la Riziki," akasema. "Lilikuwa rangi gani?"

Nikashtuka. Hakuwa amelitaja jina hilo tangu siku zile. "Kijani," nikasema.

"Kijani gani?"

Nikafungua mdomo, nikakosa. Mimi, niliyekuwa nakula kwa kujua rangi. "Kijani cha majani," nikasema.

"Majani gani, Omari? Ya mgomba? Ya muhogo? Majani yote ni sawa?" Sauti yake ikapanda. "Tangu juzi naamka silioni. Nalikumbuka lilivyoshonwa, nakumbuka kifungo, rangi siioni. Nguo zake zote zimetolewa sadaka. Nimekwenda dukani Msambweni kuulizia kitambaa, wamesema kiliisha, hakirudi tena. Nikasema, mume wangu ni mtu wa rangi, atajua. Na wewe waniambia majani!"

"Wewe ndiye uliyelishona!" nikamjibu, nami nikiwa nimepanda. "Wewe ndiye uliyekuwa ukilifua!"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Likaanguka baina yetu, hilo neno. Nilitoka nje. Ilikuwa hasira, na hasira ile ilikuwa ndiyo kitu cha kwanza chenye joto nilichokisikia tangu msiba. Nikalivuta kapu la Fundi Mbwana, nikatafuta ubao, nikapata kifuniko cha kasha. Sikuwa nachora. Nilikuwa nataka kushinda ugomvi. Nikakoroga kijani na manjano kidogo, nikapaka mraba mmoja, nikamletea.

"Hiki hapa."

Akautazama. "Hicho ni kijani cha dukani," akasema. "Lake lilikuwa limefuliwa."

Nikatia nyeupe. Akasema hicho ni cha ukuta wa hospitali. Nikatia nyeupe zaidi, ikawa mbaya zaidi. Hapa nawapa jambo la kazi, na nililijifunza siku ile, si kwa Fundi Mbwana. Nguo iliyofuliwa haigeuki nyeupe. Inachoka. Inapungua ukali wake bila kupata mwanga mpya. Ukitaka kuichosha rangi, nyeupe peke yake haikusaidii, tia tone la kinyume chake. Kijani ukitie wekundu kidogo sana. Sikuwa na rangi nyekundu, nikaenda nikachimba udongo mwekundu nyuma ya nyumba, nikausaga, nikauchuja kwa kitambaa, nikatia punje kwa punje. Mwanamisi aliiacha nazi yake, akaja akasimama nyuma yangu.

"Karibu," akasema. "Zidisha huo udongo. Basi, basi, umezidisha."

Tuliuacha ubao ukauke. Kesho yake asubuhi tuliutazama, ulikuwa umeingia giza. Tukaanza tena. Ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi tunatazama cha jana, mchana tunakoroga, tunaacha, tunalala. Ubao ukajaa miraba ya kijani, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na neno lake juu yake. Huu una manjano mengi. Huu umekufa. Huu unafanana, lakini ni mchana wa mawingu. Tukawa tunazungumza. Tulizungumza juu ya kijani tu, lakini tulizungumza, na siku moja nikagundua kwamba nimemaliza sahani ya wali bila kujua.

Kisha siku moja akasema, "Ngoja. Upindo."

"Upindo gani?"

"Alirefuka. Nilifumua upindo wa chini, nikaliteremsha gauni. Huko ndani hakukuwa kumepigwa na jua. Kwa hiyo chini pale palikuwa na utepe mpana wa rangi yake ya kwanza, kote kuzunguka. Hukumbuki? Ulicheka, ulisema amevaa magauni mawili."

Nikakumbuka. Nikaliona. Nikamwona barabarani akinijia mbio, na utepe ule uliokoza ukipiga magotini. Nilikaa chini mchangani.

Baadaye nikachukua ubao mpya. Nikapaka kijani kilichochoka, kipande kikubwa, na chini yake utepe wa kijani kilichokoza. Hapo ndipo nilipoona. Kile kijani tulichokuwa tukikikataa siku zote, kilipokaa karibu na utepe kilibadilika, kikakaa mahali pake. Rangi moja peke yake ni vigumu kuijua, inataka jirani. Mwanamisi akaweka kidole upande wa kushoto, karibu na kifua.

"Hapa palikuwa na doa la bibo," akasema.

Maji ya bibo, lile tunda la mkorosho, hayatoki kwenye nguo, mnajua wenyewe. Nikakoroga hudhurungi, nikatia doa. Akasema literemke kidogo. Nikaliteremsha. Bila kufikiri nikavuta mstari wa bega, na mkunjo pale mkono unapoungana na gauni, na kivuli ndani ya mkunjo. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipoinua macho palikuwa na gauni kwenye ubao, linaning'inia, hamna mtu ndani yake.

Mwanamisi alilitazama muda mrefu. "Ndilo," akasema.

Akakaa chini kando yangu, miguu ameinyoosha, na akaanza kusema, bila mimi kumuuliza.

"Alikuwa amelivaa alipoanza homa. Sikumvua siku ya kwanza. Siku ya pili akawaka mwili mzima, vipele mpaka ndani ya mdomo. Wazee wakaniambia shurua haitaki maji. Wakaniambia nikimpa maji baridi vipele vitarudi ndani vimuue. Naye alikuwa akiomba maji, Omari. Alikuwa akiomba maji kwa adabu, kama nilivyomfundisha. 'Mama, naomba maji.' Nikawa nampangusa midomo kwa kitambaa. Anakifyonza kile kitambaa. Nikakiondoa. Nikamwambia ngoja, mwanangu, ngoja baba aje. Akangoja. Akaacha kuomba. Mimi nikafikiri amepata nafuu."

Akaivuta kanga mpaka kwenye nyusi. "Baadaye mkunga mmoja alipita, akaniambia maji hayakuwa na madhara, yangemsaidia. Hakujua ananiambia nini. Tangu hapo sikuweza kukujibu. Ulikuwa ukiniuliza ilikuwaje, na mimi nikisikia maji yanamwagika kwenye mtungi."

Nimefikiria maisha yangu yote kama kulikuwa na neno zuri la kumwambia. Nililokuwa nalo ni moja tu, na lilikuwa la kweli.

"Hata mimi ningemnyima," nikasema. "Wazee wangeniambia, nami ningewasikiliza. Ningekipokonya kile kitambaa, kama ulivyofanya wewe."

Akanigeukia, akanitazama kama anayetafuta kama nasema hivyo kwa kumhurumia tu. Kisha akalia. Nami nikalia, mchana kweupe, majirani wakipita. Kaka Suleimani alikuja hadi ukingo wa ua, akatuona, akauona na ubao. Nilidhani atasema neno. Alivua viatu, akaja akakaa nasi mchangani, akatazama chini mpaka adhana ya alasiri.

Msiniulize kama tulipona. Mwanamisi mpaka anakufa, Mungu amrehemu, hakuweza kumwona mtoto akiomba maji bila kuinuka yeye mwenyewe kwenda kuchota, hata mtoto huyo awe wa mgeni, hata mama yake awe amekwisha kusimama. Mimi nilirudi kazini, na Fundi Mbwana alinikataza ngazi mpaka mwisho wa mwaka ule. Zilikuwepo asubuhi nyingine za kutazama viatu. Zinakuja hata sasa. Ila nilijua tena mahali pa kuanzia. Mtu mkono ukimfia, asijilazimishe kuchora picha. Akoroge rangi moja tu ya kitu anachokikosa, na atafute mwenzake wa kumwambia bado, bado, zidisha kidogo. Haifai kila mara. Kwangu ilifaa.

Juma lililofuata, kabla sijarudi Diani, niliamka nikachukua kipande cha ubao, nikakaa uani nikachora jiko letu, na moshi ukipenya kwenye makuti. Ilikuwa picha mbaya. Mistari ilikuwa migumu, paa limeinama upande. Mwanamisi alikuwa anapita na ndoo, akasimama nyuma yangu.

"Makuti hayalali hivyo," akasema. "Hayo yako yameelekea juu. Mvua ikinyesha itatuingia yote ndani."

Nikatazama. Alikuwa amesema kweli. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikalifuta paa, nikaanza tena.